Wanaongoja Feri Baada ya Daraja Kufunguliwa

Kabla ya mwaka 1991, msafiri aliyetoka Malindi kwenda Mombasa alifika Kilifi akashuka kwenye gari, akaingia kwenye feri, akavuka hori hadi Mnarani. Wazee wetu walihesabu safari hiyo kwa urefu wa foleni, si kwa kilomita. Daraja lilipofunguliwa mwaka huo, habari ilimfikia kila mtu. Makanga waliisema, madereva waliisema, na wauza korosho na samaki wa kukaanga waliisema zaidi ya wote, maana riziki yao ilikuwa inahama. Sijasikia habari za mtu aliyebaki ukingoni akingoja chombo kisichokuja.

Nimelikumbuka daraja hilo kwa sababu ya simu ya mpwa wangu. Ni muuguzi katika zahanati ndogo huko bara, mbele ya Ganze. Alinipigia saa tatu usiku, baada ya zamu.

"Mjomba, wewe una watu mjini. Hebu niulizie, ile maktaba ya mtandaoni imefungwa? Paswadi inakataa."

Alikuwa ameijaribu kwa wiki tatu. Alidhani simu yake mbovu, kisha akadhani amefutwa kwenye orodha, mwisho akaona aibu kuuliza. Nilipouliza niliambiwa kwamba maktaba haikufungwa hata siku moja. Ilikuwa imehamia anwani nyingine na paswadi ilikuwa mpya. Tangazo nalo lilikuwepo, limepigwa chapa vizuri, limebandikwa kwenye mlango wa chumba cha maktaba. Yaani waliopelekewa habari ni wale waliokwisha fika. Aliye mbali, ambaye mtandao uliwekwa kwa ajili yake, hakuambiwa neno.

Siitaji taasisi yenye maktaba hiyo. Mkutubi wake ni mtu mwema anayefanya kazi ya watu watatu. Lakini jambo lenyewe limeniuma, na nimekuwa nikiuliza kuhusu maktaba za afya tangu usiku ule.

Wengi wetu tukisikia maktaba tunaona rafu na kimya. Kwa muuguzi wa leo, maktaba ni mlango ndani ya simu, na mara nyingi mlango huo unaitwa Hinari. Ulifunguliwa Januari 2002 na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji wakubwa, ukiwa na majarida kama 1,500, ili hospitali na vyuo vya nchi maskini visome bila malipo au kwa ada ndogo yale ambayo vyuo vya Ulaya hulipia fedha nyingi. Kabla ya hapo shirika hilo lilikuwa likipeleka katika wilaya za Afrika masanduku ya chuma ya rangi ya buluu, kila moja na vitabu vya afya zaidi ya 100. Sanduku lilikuwa na kufuli, na kufuli lilikuwa na mwenye ufunguo. Hinari nayo ina mwenye ufunguo, kwa kuwa inayosajiliwa ni taasisi, si mtu mmoja mmoja. Mkutubi akipata uhamisho na paswadi ikaondoka naye kichwani, hospitali nzima inabaki nje, na kila muuguzi anadhani kosa ni lake peke yake.

Na milango hii hubadilika hata mkutubi akiwa makini. Nchi hupangwa kulingana na pato lake: kundi moja halilipi, jingine hulipa kidogo. Januari 2011 watafiti wa Bangladesh waliamka wakakuta majarida zaidi ya 2,500 hayafunguki tena. Wachapishaji waliyarudisha baada ya malalamiko kusikika dunia nzima. Mwaka 2019 hazina ya POPLINE, iliyokuwa imekusanya maandishi ya uzazi wa mpango kwa miongo mingi, ilizimwa kabisa. Na Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari, mtandao ukawa wa kusuasua katika nchi nyingi za Afrika Mashariki. Muuguzi wa Bamba au Marafa anayeona ukurasa umeganda hawezi kutofautisha waya uliokatika, paswadi iliyokufa na huduma iliyofutwa. Machoni pake ni ukurasa mweupe tu.

Ukurasa huo mweupe una gharama, na hapa Kilifi tuna sababu ya kuijua kuliko wengi. Tangu 1989, kando ya hospitali ambayo leo ni ya kaunti, kuna kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust. Utafiti wa vyandarua vyenye dawa uliofanywa katika vijiji vyetu ulionyesha mwaka 1996 kwamba vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa asilimia 33. Elimu hiyo ilitoka kwetu ikazunguka dunia.

Lakini mfano unaonikaa moyoni ni wa maji ya mishipa. Kwa miaka mingi vitabu vilisema kwamba mtoto mwenye homa kali, ambaye damu yake haizunguki vizuri, atundikiwe maji mengi kwa haraka. Watafiti katika hospitali sita za Uganda, Kenya na Tanzania, Kilifi ikiwa moja yao, wakiongozwa na Profesa Kathryn Maitland aliyekuwa akifanya kazi hapa hapa, waliupima ushauri huo kwa watoto 3,141. Matokeo yalichapishwa Mei 2011. Katika kila watoto 100 waliopewa maji hayo ya haraka, zaidi ya 10 walifariki ndani ya saa 48. Kwa wale ambao hawakupewa, walifariki kama 7. Madaktari wazoefu walishtuka, na nadhani hata walioanzisha utafiti hawakuyatarajia hayo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mpya mwaka 2016.

Hesabu mwenyewe miaka iliyopita kati ya 2011 na 2016, kisha ongeza ile ambayo mwongozo huchukua kufika kwenye droo ya zahanati.

Tena habari yenyewe haifai kufika nusu. Watoto wanaoharisha hawakuwemo katika utafiti ule, na wao wana utaratibu wao wa kurudishiwa maji mwilini. Mtu akiandika kwenye kundi la WhatsApp "msiwape watoto maji ya mishipa" akaishia hapo, anaweza kumuua mtoto wa kuharisha akidhani anamwokoa. Ndiyo maana nasema tangazo la maktaba ni kazi ya kitaalamu kama kupima damu. Liseme kilichobadilika, kimebadilika lini, kinamhusu nani na hakimhusu nani, mahali pa kukisoma chote, na nambari ya mtu wa kumpigia.

Kijitabu cha miongozo ya matibabu ya watoto cha Wizara ya Afya, kile kinachoingia mfuko wa koti, kimekuwa na toleo la 2013, la 2016 na la 2022. Kila toleo jipya linapotoka tunapiga picha za uzinduzi. La zamani hatulitangazii kifo chake. Linabaki kwenye mfuko, limechakaa kwa kupendwa, na anayelifungua saa nane usiku analiamini kwa sababu limemfaa miaka yote.

Watu wa pwani tunajua kinachoingia mahali ambapo habari haikupelekwa. Miaka ya nyuma, watafiti walipochukua damu kwa vipimo bila maelezo kueleweka vijijini, jibu lilikuwa tayari: mumiani. Kituo cha Kilifi kilijifunza. Leo kina wawakilishi wa jamii wanaokutana na watafiti na kurudisha maswali na majibu mitaani, kina siku za wageni, kina vipindi vya redio. Utafiti ulikubali kwamba kueleza ni sehemu ya kazi. Maktaba za afya, za vyuo na za hospitali, zinaweza kuazima njia hiyo hiyo. Chama cha wakutubi wa afya wa Afrika, AHILA, kilizaliwa mwaka 1984 Nairobi, kwa hiyo si kana kwamba hatuna wenye ujuzi. Na Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti maktaba za umma pamoja na zahanati, kwa hiyo hata mwenye bajeti ni mmoja.

Ningeanza na ujumbe mfupi wa simu, kwa sababu unafika hata pasipo na data. Kisha dakika mbili kwenye makabidhiano ya zamu asubuhi, na mkutubi kuingizwa kwenye makundi ya WhatsApp ya wauguzi, ambako habari husafiri kweli. Tangazo litoke wiki mbili kabla ya mabadiliko, lirudiwe siku yenyewe, lirudiwe tena mwezi ukiisha kwa waliokuwa likizo ya uzazi au masomoni. Na anwani ya zamani isizimwe ghafla. Iachwe na maandishi yanayoonyesha njia mpya.

Jambo moja lilinisikitisha zaidi. Makala aliyokuwa akiitafuta mpwa wangu kwa wiki tatu haikuhitaji paswadi. Wellcome imekuwa ikidai tangu 2005 kwamba utafiti inaougharamia uwekwe wazi kwa wote. Makala ile, iliyoandikwa Kilifi kuhusu watoto wa Kilifi, ilikuwa bure tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyemwambia.

Nilimtumia anwani, na mkutubi akamtumia paswadi mpya kwa mengine. Wiki iliyofuata nilipita Ganze nikampelekea kijitabu cha toleo la 2022. Alikifungua palepale kwenye benchi la wagonjwa, akawa analinganisha kurasa na kile chake cha zamani, kidole kimoja huku na kingine kule.

Nikamuuliza kile cha zamani atakiweka wapi.

"Nitakitundika ukutani, mjomba," akasema, akitafuta kalamu nene. "Wenzangu wawili wanacho hicho hicho, na mmoja anarudi zamu kesho."

Juu ya jalada akaandika kwa herufi kubwa: USITUMIE. NIULIZE MIMI. Chini yake akaweka nambari ya simu.