Bingwa wa Mwaka au Bingwa wa Jumapili?

Septemba 2011, kwenye uwanja wa East Lake mjini Atlanta, Bill Haas aliupiga mpira uliokuwa umezama nusu ukingoni mwa bwawa, ukaruka na kutulia karibu na shimo. Muda mfupi baadaye, kwenye shimo la tatu la ziada, akamshinda Hunter Mahan. Alipokwenda kukabidhiwa zawadi alikuta makombe mawili, akauliza lile la pili ni la nani. Lilikuwa lake, na lilikuja na dola milioni 10.

Tusimcheke. Msururu wa mashindano ya mchujo unaofunga msimu wa PGA Tour, maarufu kama FedEx Cup, umewachanganya hata watu wanaoishi kwa kuhesabu mikwaju. Chanzo cha mkanganyiko ni kwamba waliouanzisha walitaka kombe moja lijibu maswali mawili: nani amekuwa bora mwaka mzima, na nani ameshinda siku ya mwisho.

PGA Tour si ligi. Kila wiki ni shindano jipya la siku 4 na mashimo 72. Mwenye mikwaju michache zaidi hushinda, na wiki inayofuata wote wanaanza upya. Yale mashindano makuu manne, ambayo ndiyo yanayompa mchezaji jina katika historia, hayamilikiwi na PGA Tour. Yakishapita, Wamarekani huelekeza macho kwenye mpira wao wa miguu wa helmeti, na gofu hubaki bila mtazamaji. Mwaka 2007 PGA Tour ikaja na dawa yake: pointi za msimu mzima, mchujo mwishoni, na donge nono.

Kwa utaratibu wa sasa, wachezaji 70 wa juu kwenye jedwali la pointi huenda Memphis, yaliko makao makuu ya kampuni ya FedEx yenyewe. Wanaobaki 50 huenda kwenye BMW Championship, inayohama uwanja kila mwaka. Mwisho wake 30 hufika East Lake, uwanja aliokulia gwiji wa gofu Bobby Jones. Ushindi wa shindano la kawaida huleta pointi 500, lakini katika hatua hizo mbili za kwanza ushindi mmoja huleta 2,000. Kwa hiyo mtu aliyesuasua tangu Januari anaweza kuamka Agosti na kuwapita waliotangulia.

Kazi ilikuwa kupata uzani sahihi wa pointi hizo, na hapo ndipo waandaaji walipohangaika kwa miaka. Mwaka 2007 Tiger Woods aliruka shindano la kwanza la mchujo na bado akalitwaa kombe. Mwaka 2008 Vijay Singh alishinda mashindano mawili ya mwanzo, akafika Atlanta akihitaji kumaliza raundi zake tu. Fainali ikawa matembezi. Kuanzia 2009 pointi zikapangwa upya kabla ya shindano la mwisho, ili kila mmoja wa wale 30 awe na nafasi hata kama ni finyu. Hapo wakazaliwa mabingwa wawili kwa siku moja: Phil Mickelson akashinda shindano, Woods akachukua kombe. (Mwaka uliofuata kombe lilikwenda kwa Jim Furyk, ambaye wiki chache nyuma alifutwa kwenye shindano la kwanza la mchujo kwa sababu simu yake ilizimika usiku, kengele haikulia, akachelewa raundi ya maandalizi.)

Kilele cha vurugu hizo kilikuwa 2018. Woods, aliyekuwa amepasuliwa mgongo mara kadhaa, alipata kwenye fainali ya Atlanta ushindi wake wa 80, wa kwanza baada ya miaka 5, na mashabiki wakavamia uwanja wakimfuata nyuma. Kombe la msimu siku hiyo lilikwenda kwa Justin Rose, aliyemaliza nafasi ya 4. Ni wachache wanaokumbuka.

Mwaka 2019 pointi zikageuzwa kuwa mikwaju. Kiongozi wa jedwali alianza fainali akiwa tayari na mikwaju 10 chini ya pa, yaani ile idadi ambayo mchezaji hodari hutarajiwa kuitumia. Wa pili alianza na 8, na kuendelea kushuka hadi wa mwisho aliyeanza sifuri. Ni sawa na bingwa wa ligi kuingia fainali ya kombe akiwa na mabao mawili kabla ya filimbi. Ilieleweka kwa haraka, lakini ilimchefua kila anayeamini kwamba gofu ni mpira, shimo na kadi. Mwaka 2024 Collin Morikawa alipiga mikwaju 22 chini ya pa kwa siku nne, Scottie Scheffler 20. Scheffler akashinda kwa tofauti ya mikwaju 4, na dola milioni 25, kwa sababu ya akiba aliyoanza nayo. Scheffler mwenyewe alikuwa amekwishausema vibaya mfumo huo kabla ya kunufaika nao.

Mwaka 2025 akiba hiyo ikafutwa. Kiongozi wa msimu sasa hulipwa kabla: Scheffler alipata dola milioni 10 mchujo ulipoanza na milioni 5 nyingine baada ya BMW. Kule Atlanta wote 30 wakaanza sifuri. Aliyeshinda ni Mwingereza Tommy Fleetwood, ambaye alikuwa amecheza mashindano 163 ya PGA Tour bila kushinda hata moja, na ambaye wiki mbili tu nyuma, Memphis, aliongoza kwa mikwaju 2 yakiwa yamebaki mashimo 3, akateleza. Scheffler, aliyekuwa amenyakua mashindano makuu mawili mwaka huo, alimaliza sare nafasi ya 4.

Naona kuifuta akiba hiyo ndio uamuzi wa kweli zaidi tangu 2007. Bora wa mwaka alijulikana, hakuna aliyebishana. Bora wa wiki naye alijulikana. Kilichopotea ni madai kwamba kombe hili humvika mtu taji la msimu. Madai hayo hayakuwahi kusimama vizuri.

Kwa mtazamaji mpya, ushauri wangu ni kutokodolea macho kileleni pekee. Mwangalie aliye nafasi ya 50 Jumapili ya Memphis. Akibaki ndani, msimu ujao ana uhakika wa kuingia kwenye mashindano maalumu ya washiriki wachache, yenye zawadi ya jumla ya takriban dola milioni 20 kila shindano. Akishuka hadi ya 51 kwa mkwaju mmoja wa karibu na shimo, ataanza mwaka akitafuta mlango mwingine wa kuingilia.