Kamusi Gani Mezani kwa Mhakiki?

Oktoba 1937, jarida la mrengo wa kushoto la New Masses, la New York, lilichapisha uhakiki wa Richard Wright juu ya riwaya mpya ya Zora Neale Hurston, Their Eyes Were Watching God. Wright alikuwa kijana wa miaka 29, mkali wa kalamu, na hakumwonea haya mwenzake. Alikubali kwamba Hurston anajua kuandika, na kwamba mazungumzo ya wahusika wake yananasa namna watu wa kawaida wanavyowaza. Lakini mambo, kwa maoni yake, yanaishia hapo hapo: riwaya haina dhamira, haina ujumbe, na inaendeleza vile vichekesho vya majukwaani vilivyomfanya mtu Mweusi kuwa kiburudisho cha Wazungu.

Hurston hakukaa na deni. Aprili 1938 alikihakiki kitabu cha Wright, Uncle Tom's Children, katika Saturday Review. Alilalamika kuwa hadithi zile zimejaa chuki, kisha akaigusa lugha. Alishangaa mwandishi ambaye mwenyewe ni Mweusi ameiokota wapi lahaja ile. Kama anaandika kwa kusikiliza, akadokeza, basi sikio lake lina walakini.

Darasani ugomvi huu hufundishwa kama mvutano wa siasa: mmoja anataka riwaya ya mapambano, mwingine anataka riwaya ya watu wanaopenda, wanaotaniana na kuzikana bila kumwangalia Mzungu anasema nini. Ni kweli. Ila mtu anayeshinda na kamusi huona na jambo jingine humo. Hurston alitoa dai linaloweza kupimwa: kwamba watu wa Kusini hawasemi vile Wright anavyowasemesha. Naye alikulia Eatonville, Florida, mji uliojitawala wenyewe chini ya Weusi tangu 1887, ilhali Wright alitoka Mississippi. Huenda wote wawili walikuwa na masikio mazima, kila mmoja akikisikia kijiji chake. Nani angeamua? Mwaka ule hapakuwa na kitabu cha kuamulia.

Kitabu kikubwa kuliko vyote kwenye meza ya mhariri wa Kimarekani kilikuwa toleo la pili la Webster, la 1934, lenye vidahizo zaidi ya 600,000. Ni kamusi ya kuheshimiwa. Lakini maneno na miundo ya watu wa aina ya Janie, mhusika mkuu wa Hurston, ama hayakuwemo, ama yalipigwa mhuri wa “lahaja” au “ya wasio na elimu”. Mhakiki aliyeifungua kamusi ile kwa nia njema kabisa aliifunga akiamini kwamba alichokisoma ni Kiingereza kilichovunjika, na kwamba kazi ya mwandishi ilikuwa kukinakili tu. Hapo ndipo uhakiki wa riwaya za Weusi ulipopotoka kwa miaka mingi. Ufundi ulihesabiwa kuwa rekodi ya sauti, na mwandishi akahesabiwa kuwa shahidi wa kabila lake.

Hurston mwenyewe alijua pengo hilo, na alijaribu kuliziba kwa mikono yake. Alisomea anthropolojia chini ya Franz Boas, akazunguka Florida kukusanya ngano na mizaha, na mwaka 1934 akaandika insha kuhusu sifa za usemi wa Weusi, akionyesha jinsi nomino zinavyogeuzwa vitenzi na jinsi vivumishi vinavyobebeshwa mzigo maradufu. Kwake usemi ule ulikuwa pambo lililokusudiwa. Mwaka 1942 alichapisha hadithi kwa misimu ya mtaani Harlem, akaambatisha faharasa ya maneno mwishoni. Huyu ni mwandishi wa riwaya aliyelazimika kuwa mtunga kamusi wake mwenyewe, kwa sababu wenye kamusi walikuwa hawajafika kwake.

Walifika taratibu. Mwaka 1949 Lorenzo Dow Turner, msomi Mweusi aliyekuwa amezunguka visiwa vya pwani ya South Carolina na Georgia tangu miaka ya 1930, alitoa kitabu chake kuhusu Kigullah, usemi wa Weusi wa visiwa hivyo. Kabla yake wataalamu wengi walikiona Kigullah kuwa Kiingereza cha kitoto. Turner alijifunza lugha za Afrika kwanza, kisha akaorodhesha maelfu ya majina na maneno yenye asili ya Kiyoruba, Kimende, Kikongo, Kimbundu na nyinginezo. Baada ya hapo, mhakiki aliyeendelea kusema kuwa mhusika wa visiwani “anakosea” alikuwa anajianika mwenyewe.

Kisha ikaja kazi ya Frederic Cassidy, mzaliwa wa Jamaika aliyekwisha kutoa kamusi ya Kiingereza cha kwao mwaka 1967 akishirikiana na Robert Le Page. Kuanzia 1965 hadi 1970 watu wake walizunguka Marekani nzima kwa magari yaliyogeuzwa nyumba, wakaingia katika jamii 1,002 na dodoso lenye maswali zaidi ya 1,600: mvua ya namna hii mnaiitaje, mtu mchoyo mnamwitaje. Matokeo ndiyo Dictionary of American Regional English, iliyotolewa juzuu baada ya juzuu kuanzia 1985 na kufika herufi ya mwisho mwaka 2012. Cassidy alifariki mwaka 2000, na kaburi lake limeandikwa maneno ya kuhimiza wenzake waendelee mpaka Z. Kamusi hiyo inasema neno linasikika wapi, na palipo na ushahidi inasema kama linasikika zaidi kwa wasemaji Weusi. Ugomvi wa Hurston na Wright ungeweza sasa kupelekwa mbele ya ramani. Wahusika walikuwa marehemu: Hurston alikufa mwaka 1960 huko Fort Pierce, akazikwa katika kaburi lisilo na jiwe, hadi mwandishi Alice Walker alipolitafuta mwaka 1973 na kuliwekea.

Mwishoni mwa 2013 kamusi ya Cassidy iliingia kwenye intaneti, na hapa ndipo swali la kamusi ya karatasi au ya kioo cha kompyuta linapoanza kuwa na maana. Watu hulijadili swali hili kwa mambo madogo: uzito wa kitabu, bei, umeme kukatika, bando kuisha. Haya ni mambo ya kweli, lakini hayagusi kazi ya uhakiki. Kinachogusa ni upande ambao kamusi inakuruhusu kuingilia.

Kamusi ya karatasi ina mlango mmoja, nao ni alfabeti. Ukilijua neno, utaipata maana yake, na kama kamusi ni ya kihistoria utapata nukuu: nani kaliandika, mwaka gani, katika kitabu gani. Kutoka kwa neno unafika kwa mwandishi. Kurudi huwezi. Ukitaka kujua ni kwa maneno gani Hurston anatolewa ushahidi katika kamusi ya Oxford, lile toleo la 1989 lenye juzuu 20, ungelazimika kulisoma ukurasa kwa ukurasa, na maisha ni mafupi. Tangu kamusi hiyo ianze kupatikana mtandaoni mwaka 2000, unaandika jina la mwandishi na nukuu zake zinajipanga. Unaweza kuuliza: katika maneno haya, mangapi yalikuwa na nukuu kabla yake? Yapi yametoka mdomoni mwa mhusika, na yapi ni ya msimulizi?

Swali hilo la mwisho lina uzito wa pekee kwa riwaya ya 1937. Msimulizi wa Hurston anaanza kwa Kiingereza cha vitabuni, na kadiri Janie anavyojitambua, usemi wa Janie unaingia kidogo kidogo ndani ya usimulizi, mpaka huwezi kusema kwa hakika nani anasema. Wright hakugusia hilo hata kidogo. Mhakiki Henry Louis Gates Jr. alilionyesha kwa kina katika The Signifying Monkey, kitabu cha 1988, miaka kumi baada ya riwaya yenyewe kurudishwa sokoni na chapa ya Chuo Kikuu cha Illinois. Gates alifika huko kwa kusoma tu, kwa jicho na sikio. Chombo cha kielektroniki kingemwokolea muda. Uamuzi bado ungekuwa wake.

Na chombo hicho kina mtego. Kamusi ya kihistoria ikionyesha nukuu ya kwanza ya neno ni ya Hurston, mhakiki chipukizi hukimbilia kuandika kwamba Hurston ndiye aliyelibuni. Sivyo. Nukuu ya kwanza ni ya kwanza kupatikana na wasomaji waliotumwa kutafuta, nao walitumwa wapi? Katika toleo la Oxford la 1989 Shakespeare peke yake ana nukuu zaidi ya 30,000. Magazeti ya Weusi wa Chicago, mahubiri, barua za watumwa walioachwa huru, vyote hivi havikuwa kwenye rafu zilizosomwa kwanza. Idadi kubwa inayojitokeza kwa sekunde moja hupendeza macho na kupumbaza akili. Kwenye karatasi angalau uchovu unakulazimisha kuwa na mashaka.

Karatasi ina faida nyingine ambayo wahakiki huisahau. Haibadiliki. Kamusi ya Oxford ya mtandaoni hurekebishwa kila miezi mitatu, na maelezo uliyoyanukuu katika makala yako ya mwaka juzi yanaweza yasiwe yale atakayoyakuta msomaji wako leo. Ndiyo maana lazima uandike tarehe uliyoyasoma. Lakini kuna zaidi ya hilo. Ukitaka kumhukumu mhakiki wa 1937 kwa haki, usimpime kwa kamusi ya leo. Mfungulie Webster ya 1934, ile yenye mihuri yake ya dharau, uone alikuwa anaona nini. Makosa ya kamusi ya zamani ni nyaraka, na kamusi ya kioo huyafuta kwa adabu.

Kusomwa bila kamusi inayofaa kulimpata pia mwandishi Amos Tutuola wa Nigeria. Faber ilipochapisha The Palm-Wine Drinkard mwaka 1952 iliweka humo picha ya ukurasa wa mswada wenye masahihisho ya mhariri, kana kwamba kumwonyesha mnunuzi kuwa mzungumzaji huyu ni wa kweli. Mshairi Dylan Thomas aliisifu katika gazeti la Observer, na Wanaijeria wengi wenye shahada waliona aibu. Sifa ya London na aibu ya nyumbani zilitokana na imani moja, kwamba Kiingereza kile ni cha mtu asiyejua. Kamusi ya Kiyoruba ya wamisionari wa CMS ilikuwepo tangu 1913, na riwaya ya Fagunwa, mtangulizi wa Tutuola aliyeandika kwa Kiyoruba, ilitoka 1938. Aliyekuwa na vitabu hivyo viwili mezani angeona sentensi zinazotembea kwa mwendo wa Kiyoruba na visa vyenye ukoo. Mwandishi mwenzake wa Nigeria, Achebe, aliposimama Ibadan mwaka 1977 kuitetea riwaya ya Tutuola kwa mhadhara mzima, kazi ilikuwa imechelewa miaka 25.

Julai 2022 ilitangazwa kwamba inaandaliwa kamusi ya kihistoria ya Kiingereza cha Wamarekani Weusi, kwa ushirikiano wa Oxford na kituo cha Hutchins cha Harvard, na mhariri mkuu ni Gates yule yule. Sioni ajabu. Ni sawa na Hurston aliyemaliza hadithi kwa faharasa: aliyeishi ndani ya riwaya hizi muda mrefu huishia kutaka ushahidi uwekwe mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuukagua.

Kwetu je? Mwanafunzi anayeihakiki riwaya ya Kuli au Vuta n'Kuvute ya Adam Shafi huwa na Kamusi ya Kiswahili Sanifu au Kamusi Kuu ya BAKITA ya 2015, pengine na Kamusi la Kiswahili Fasaha la BAKIZA la 2010, ambalo kwa usemi wa Unguja ndilo ningelifungua kwanza. Ni kazi nzuri, lakini mifano yake kwa kawaida ni sentensi fupi zilizotungwa na wahariri, bila mwandishi wala mwaka. Zinakueleza neno lina maana gani. Haziwezi kukueleza kama bandarini Unguja mwaka 1948, enzi za Kuli, watu walilisema hivyo. Kwa swali kama hilo mimi hurudi kwenye karatasi ya zamani. Mwaka 1939 zilitoka kamusi mbili: ya Johnson, iliyojenga usanifu, na ya Padri Charles Sacleux, kwa Kifaransa, inayotenganisha Kiunguja, Kimvita, Kiamu na nyinginezo neno kwa neno. Ya Johnson ndiyo iliyosambaa. Kwa mhakiki wa riwaya, ya Sacleux ina faida zaidi, hata kama itambidi amwombe mtu amsomee Kifaransa.

Upande wa kielektroniki, programu nyingi za simu ni kamusi za tafsiri zilizofupishwa. Ukigusa neno unapewa maana ya kwanza, na ya kwanza ndiyo mwandishi hodari huwa anaikwepa. Kinachokaribia mahitaji ya mhakiki ni kongoo (mkusanyo wa matini) ya Kiswahili ya Helsinki, iliyoanzishwa na Arvi Hurskainen, yenye maneno zaidi ya milioni 25. Humo unaweza kutafuta neno na kuliona katika sentensi halisi, ila sehemu kubwa ni habari za magazeti, na riwaya ni chache. Za Adam Shafi, Said Ahmed Mohamed na Kezilahabi bado zina hakimiliki, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuzungumza na wachapishaji na familia za waandishi, kabla hata ya kumtafuta fundi wa kompyuta.