Bila Viza, Lakini Si Bila Idhini

Miongoni mwa maneno ambayo maana yake imepindwa mno katika miaka ya karibuni, neno "viza" lastahili kutajwa mapema. Tarehe 12 Desemba 2023, Siku ya Jamhuri, Rais William Ruto alitangaza kwamba kuanzia Januari 2024 mgeni kutoka pembe yoyote ya dunia hatahitaji viza kuingia Kenya. Tangazo lilipigiwa makofi. Lakini mahali pa viza palikaliwa na idhini ya kusafiri ya kielektroniki: mgeni ajaze fomu katika intaneti, aambatishe picha na nakala ya pasipoti, aeleze atalala wapi, alipe dola 30 za Marekani, kisha asubiri siku kama tatu. Asiyekuwa na idhini hiyo huzuiwa kwenye dawati la shirika la ndege, huko huko atokako.

Mvuvi mmoja mzee wa Kalokol, ambako mimi hufika mara kwa mara kwa utafiti wa lugha ya Kiturkana, aliniuliza swali ambalo wakubwa wetu hawajalijibu. "Mwalimu, ikiwa mlango umeondolewa, huyu mgeni wako anapiga hodi wapi?" Nikamweleza asili ya maneno. Viza imetokana na Kilatini, na maana yake ni kitu kilichotazamwa: karatasi imekaguliwa na kupigwa muhuri. Idhini tumeipata kwa Waarabu, na katika Kiswahili aiombaye huwa chini ya aitoaye. Mtoto huiomba kwa mzazi, karani kwa mkubwa wake. Kwa kipimo cha lugha, basi, tumemwondolea mgeni muhuri tukamwachia unyenyekevu. Mzee alicheka, akasema afadhali muhuri, maana unaonekana kwa macho.

Wazee wa Turkana wana sababu ya kuyapima maneno haya. Kwa sheria ya mwaka 1902 ya wilaya za pembezoni, na baadaye ile ya 1934 ya wilaya maalumu, serikali ya kikoloni ilijipa uwezo wa kuifunga nchi kama yao, mtu wa nje asiingie bila kibali. Si ajabu kwamba Mzee Jomo Kenyatta aliwekwa Lokitaung, kisha Lodwar kuanzia 1959 hadi 1961. Palikuwa mbali, palikuwa na joto, na njia zililindwa kwa karatasi.

Leo karatasi hiyo imeingia katika simu, na uzito wake haulingani kwa wote. Raia wa nchi nyingi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hawakutakiwa kuwa nayo tangu mwanzo. Hivyo ndugu wa Karamoja, Uganda, na Watoposa wa Sudan Kusini, ambao lugha zao na Kiturkana ni za ukoo mmoja, huweza kuja Lodwar kwa tamasha la Tobong'u Lore bila kuijaza. Mwaka 2025 serikali iliwaondolea sharti hilo Waafrika wengine karibu wote, isipokuwa raia wa Somalia na Libya, kwa sababu zilizoelezwa kuwa za usalama. Hapo nampongeza aliyeamua, ingawa hatua hiyo ilistahili kuchukuliwa siku ile ile ya makofi.

Wanaonitia simanzi ni watu wa Kakuma. Kambi ile ilianzishwa mwaka 1992, na maelfu ya vijana waliolelewa humo wamepelekwa Marekani, Kanada na Australia. Wengi sasa ni raia wa huko. Wazazi wao, au shangazi waliowalea, wangali Kakuma au katika makazi ya Kalobeyei. Mfumo haumuulizi mtu alilelewa wapi. Humuuliza ana pasipoti gani. Mwenye pasipoti ya Sudan Kusini hupita. Nduguye mwenye ya Australia hana budi kuomba. Kwa harusi, siku tatu si kitu. Kwa msiba, katika nchi ya jua kama lile, ni nyingi mno. Natoa rai kwamba aliyefiwa ajibiwe siku hiyo hiyo, bila kutozwa ada ya ziada. Nao walio huko ughaibuni waweke tayari mapema picha, anwani ya mwenyeji, na pasipoti yenye uhai wa miezi sita au zaidi. Aidha, wajihadhari na madalali wa intaneti wanaoiga sura ya serikali na kutoza maradufu: anwani halali ya Kenya huishia kwa go.ke.

Nasi tunaotoka tusijidhanie kuwa salama. Mkenya huenda Singapore na Malaysia bila viza, lakini nchi zote mbili humtaka ajaze kadi ya kuingilia kwa mtandao ndani ya siku tatu kabla ya kufika, nayo haina malipo. Ushelisheli haimtaki mgeni awe na viza, ila humtaka awe na idhini ya safari. Ama kuhusu Uingereza na nchi za Schengen, asidanganywe mtu: idhini zao za kielektroniki ni za wasiohitaji viza, na mwenye pasipoti ya Kenya bado anahitaji viza kamili.

Liko jambo moja ambalo ni la fani yangu, nalo huwaponza wasafiri wa Turkana kuliko wengi. Majina ya Kiturkana hubeba jinsia katika mwanzo wake: Ekiru ni mwanamume, Akiru ni mwanamke, Lokiru na Nakiru vivyo hivyo, wote wakiwa wamezaliwa wakati wa mvua. Karani akikosea irabu moja, amemgeuza kaka kuwa dada. Halafu iko ile ng' yetu. Kanuni za kimataifa za pasipoti haziruhusu alama ya ritifaa katika mistari ya chini isomwayo na mashine, basi Ng'asike huandikwa NGASIKE. Anayejaza fomu aitazame mistari hiyo, ahakikishe kwamba tiketi na idhini havitofautiani nayo hata kwa herufi moja, na asitangulize jina la baba mahali pa lake.

Kwa kijana anayetoka Kalokol, kazi hiyo heri aimalize Lodwar, mwendo wa kilomita kama 60, kabla hajaanza safari ya Nairobi. Aichapishe idhini hiyo kwenye karatasi. Simu huzimika, na afisa wa uwanja wa ndege hana wajibu wa kumtafutia umeme.