Mzee Asiye na Vina

Katika shule za sekondari za Mkula, wilayani Busega, mwanafunzi hufundishwa kulitambua shairi la kimapokeo kwa kuhesabu: mishororo minne katika ubeti, mizani 16 katika mshororo, vina vya kati na vya mwisho. Jioni anarudi nyumbani kwa babu anayejua nyimbo za ngoma za Kisukuma, na nyimbo hizo hazina habari na hesabu hiyo.

Sheria za darasani zilikomaa pwani. Amri Abedi alizichapisha kitabuni mwaka 1954, na bara nako zikapokewa. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, alivumisha ngonjera, mashairi ya kujibizana yaliyoingia shuleni kwa kishindo baada ya Azimio la Arusha la 1967. Alifariki 1969, lakini watoto ambao hawakuwahi kumwona waliendelea kupanga mistari mbele ya mgeni rasmi, upande mmoja ukiuliza na wa pili ukielimisha. Wengi wao sasa wana wajukuu. Wachokoze kidogo tu, wataghani.

Usukumani kujibizana kuna ukali wake. Wachezaji hugawanyika katika kambi mbili kongwe, Bagika na Bagalu. Msimu wa mavuno ukipita, manju wa kila kambi huleta kundi lake uwanjani, nyimbo zinaimbwa kwa wakati mmoja, na watazamaji huhamia kwa anayewapendeza. Mwenye umati mkubwa ndiye mshindi. Ngonjera humalizika kwa asiyejua kukubali kwamba ameelimika. Manju aliyeshindwa hakubali lolote, anakwenda kutunga upya.

Hapa ndipo mambo yanapogeuka. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe katika Ziwa Victoria, alitoa Kichomi mwaka 1974 bila kufuata vina na mizani, na wanamapokeo wakamjia juu. Mwaka 1979 Mulokozi na Kahigi, katika Kunga za Ushairi, walitetea kwamba ushairi unaweza kuwepo pasipo pingu hizo. Basi mzee wa Kisukuma akialikwa darasani, asitarajiwe kuwa shahidi wa sheria za zamani. Wimbo wake uko karibu zaidi na shairi huru la kijana wa kidato cha tatu kuliko na tarbia, yaani shairi la mishororo minne, iliyo ubaoni, na huenda mwalimu ndiye atakayebaki peke yake upande wa vina.

Muhtasari wa Kiswahili tayari una fasihi simulizi, kwa hiyo nafasi ipo. Kikwazo ni lugha: wimbo ni wa Kisukuma, daftari ni la Kiswahili. Mwanafunzi atalazimika kumuuliza mzee maana ya kila fumbo, ni nani aliyekuwa akisutwa, mwaka gani pamba ilikosa bei. Uwanja wala hauhitajiki. Wigashe, mojawapo ya ngoma za Wasukuma, huimbwa watu wakiwa wameketi, na madawati yapo.