Bei ya Kitanda Mpakani Busia

Busia ni jina moja lenye miji miwili. Mmoja uko Kenya na ndio makao makuu ya Kaunti ya Busia. Wa pili uko Uganda na ndio makao ya Wilaya ya Busia. Tangu tarehe 24 Februari 2018, Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walipozindua kituo cha pamoja cha mpakani, msafiri hukaguliwa hati zake upande mmoja tu, yaani upande ule anaouingia. Hayo ni maendeleo ya kujivunia. Hata hivyo, liko jambo moja ambalo kituo hicho hakikuliunganisha, nalo ni bei ya kitanda.

Wanaolala mpakani si watalii peke yao. Wako madereva wa malori wanaosubiri hati za mizigo, wafanyabiashara wa mahindi, mayai, samaki na mitumba, wazazi wanaowapeleka watoto shuleni, na mahujaji wanaoelekea Namugongo kwa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, tarehe 3 Juni ya kila mwaka. Hawa wote hutafuta malazi Busia, Malaba, au Tororo chini ya lile jabali lake mashuhuri. Wengi wao husafiri na fedha zilizohesabiwa. Kwao, kuambiwa bei moja jioni na kudaiwa nyingine asubuhi si usumbufu mdogo. Ni kupunguziwa mtaji.

Basi yafaa tueleze bei ya chumba imeundwa kwa mambo gani. Kuna bei ya chumba chenyewe, ambayo ni mali ya mwenye hoteli. Kuna kodi na tozo zilizowekwa na sheria, ambazo mwenye hoteli huzikusanya kwa niaba ya serikali. Kuna ada ambazo hoteli hujiwekea yenyewe. Na siku hizi kuna sehemu ya nne, nayo ni malipo ya wale wanaouza vyumba kwa njia ya intaneti. Msafiri asiyezitenga sehemu hizi hawezi kujua ni ipi ya lazima na ni ipi ya kujadiliwa.

Upande wa Kenya, Kodi ya Ongezeko la Thamani ilianza mwaka 1990, ikachukua nafasi ya kodi ya mauzo. Kiwango chake cha kawaida ni asilimia 16. Mwezi Aprili 2020, wakati wa janga la korona, kilipunguzwa hadi asilimia 14, kisha kikarudishwa asilimia 16 tarehe 1 Januari 2021. Juu ya kodi hiyo iko tozo ya utalii ya asilimia 2, chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2011. Tozo hii si ngeni. Iliitangulia tozo ya mahoteli ya miaka ya 1970, iliyogharimia Chuo cha Utalii cha Kenya, kilichofunguliwa jijini Nairobi mwaka 1975.

Upande wa Uganda, Kodi ya Ongezeko la Thamani ilianza mwaka 1996, na kiwango chake cha kawaida sasa ni asilimia 18. Pamoja nayo iko kodi ya hoteli ya serikali za mitaa, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2008. Chanzo chake chaeleweka. Mwaka 2005 ile kodi ya kichwa iliyowasumbua raia kwa miaka mingi ilisimamishwa, na mabaraza ya wilaya na miji yakahitaji mapato mengine. Kodi hii haihesabiwi kwa asilimia. Ni kiasi maalumu kwa kila chumba kwa kila usiku, kulingana na daraja la nyumba. Anayeilipa ni mgeni; mwenye nyumba huipokea na kuifikisha kwenye baraza.

Hapa pana jambo ambalo wasafiri wengi hawalijui. Si kila nyumba ya kulala wageni yenye haki ya kutoza Kodi ya Ongezeko la Thamani. Anayeitoza ni mfanyabiashara aliyesajiliwa kwa kodi hiyo, na sheria humlazimu kujisajili mauzo yake ya mwaka yanapofikia kiwango fulani. Kenya, kwa miaka mingi, kiwango hicho kimekuwa shilingi milioni 5. Uganda ilikipandisha chake mwaka 2015 kutoka shilingi milioni 50 hadi milioni 150. Nyumba ndogo ya vyumba vichache karibu na kituo cha mabasi yaweza kuwa haijafika huko. Ikiwa haikusajiliwa, haina ruhusa ya kumwongezea mgeni asilimia 16 au 18 kwa jina la kodi. Fedha hiyo haifiki serikalini. Huishia mfukoni mwa aliyeitoza.

Tuchukue mfano wa hesabu. Chumba kimetangazwa upande wa Kenya kwa shilingi 3,000, na chini yake pameandikwa kwa herufi ndogo kwamba kodi hazimo. Asilimia 16 ni shilingi 480. Asilimia 2 ni shilingi 60. Tayari tumefika 3,540. Hoteli ikiongeza ada ya huduma ya asilimia 10, hizo ni shilingi 300, na jumla inakuwa 3,840, bila kuhesabu kodi juu ya ada yenyewe. Aliyepanga kulala siku tatu kwa shilingi 9,000 sasa anadaiwa 11,520. Tofauti ya shilingi 2,520 inakaribia bei ya usiku mwingine mzima.

Ifahamike pia kwamba ada ya huduma si kodi. Hakuna hazina ya serikali inayoingojea. Ni malipo yaliyowekwa na hoteli, na mgeni ana haki ya kuuliza kama yamo katika bei aliyotajiwa kabla hajakabidhiwa ufunguo.

Sasa tuzigeukie tovuti za kuuza vyumba. Tovuti hizi zimemsaidia msafiri kuona vyumba vingi akiwa nyumbani kwake. Lakini tovuti si hoteli. Ni dalali, na dalali hula kwa kazi yake. Hoteli huikatia tovuti sehemu ya bei, mara nyingi asilimia 15 hivi au zaidi. Kwa sababu hiyo, mwenye hoteli anayepigiwa simu moja kwa moja aweza kukubali bei iliyo chini ya ile ya tovuti. Simu ya dakika mbili yaweza kuokoa fedha ya chakula cha jioni.

Aidha, bei ya tovuti hutangazwa mara nyingi kwa dola, na kodi huonekana mwishoni, msafiri akiwa ameshachoka kuchagua. Iko pia bei nafuu ambayo hairejeshwi hata usipofika. Mpakani, bei hiyo ni kamari. Foleni ya malori ikikwama, utafika kesho na chumba cha leo umekwisha kukilipa. Tena, aliyetafuta Busia aangalie ni Busia ipi, asije akalipia kitanda kilicho ng'ambo ya lango.

Kuna na suala la shilingi mbili. Hadi mwaka 1966 nchi zetu zilitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki. Tangu hapo kila moja ina yake. Jina limebaki moja, thamani zimeachana. Chumba cha shilingi 100,000 za Uganda, kwa mfano, ni shilingi 3,571 za Kenya ikiwa shilingi moja ya Kenya yabadilishwa kwa 28 za Uganda. Kwa 26, ni shilingi 3,846. Chumba ni kile kile. Kilichobadilika ni kiwango cha mbadilishaji. Kwa hiyo haitoshi kuuliza ni shilingi ngapi. Yapasa kuuliza ni shilingi za wapi, na kwa kiwango gani.

Je, sheria inamlinda msafiri? Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazozihitaji ili anufaike na huduma anayoilipia. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 inakataza kumtoza mtu ada ambayo hakujulishwa kabla ya huduma. Hata mataifa makubwa yamelazimika kuchukua hatua. Uingereza ilipiga marufuku ada za lazima zinazofichwa hadi mwisho, kuanzia tarehe 6 Aprili 2025. Marekani, tangu tarehe 12 Mei 2025, inawataka wauzaji wa vyumba waonyeshe mapema jumla ya ada zote za lazima, ingawa kodi za serikali zaweza kutajwa baadaye kabla ya malipo.

Lakini sheria haisimami mapokezini usiku wa manane. Anayesimama pale ni msafiri mwenyewe. Aulize bei ya mwisho kwa usiku mmoja, pamoja na kodi zote. Aulize ni fedha ya nchi gani. Ayapate majibu hayo kwa maandishi, hata kama ni ujumbe mfupi wa simu. Asubuhi adai stakabadhi inayoonyesha kodi na namba ya usajili.

Wenye mahoteli nao wana wajibu wao. Tarakimu moja iliyo wazi ukutani, pamoja na kila kodi, humjengea mgeni imani, naye hurudi. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wazee. Lakini mgeni aliyedanganywa Busia kesho atalala Tororo.

Kodi halali ni barabara, ni zahanati, ni taa za soko, na kila mwananchi hana budi kuilipa. Kilicho haramu ni kutumia jina la kodi kumchuna msafiri, na dawa yake ni stakabadhi. Mali bila daftari hupotea bila habari.