Kompyuta ya gemu na video: Gawa mtaji kabla hujafika dukani

Na Mwandishi Wetu

MFANYABIASHARA anayetaka kompyuta ya kuhariri video za harusi mchana na kuchezesha gemu jioni ana njia mbili. Anaweza kununua iliyokwisha fungwa kiwandani, au akanunua vipuri na kumpa fundi aiunge. Njia ya pili humpa nafasi ya kuamua kila shilingi inakwenda wapi. Hata hivyo, ndiyo inayoponza wengi, kwa kuwa soko la vipuri halina huruma na mnunuzi asiye na hesabu.

Kosa la kawaida ni kuanza na kadi ya picha yenye jina kubwa, kisha kubana matumizi katika vipuri vingine vyote. Matokeo yake ni sawa na mwenye daladala aliyefunga injini mpya kwenye gari lenye breki na matairi yaliyokwisha. Fedha imetoka, lakini gari haliingii barabarani.

Kila shilingi 100

Ushauri wa ukurasa huu ni kugawa mtaji kwanza, ndipo uulize bei. Kwa kompyuta ya kazi zote mbili, katika kila Sh 100 tenga Sh 32 za kadi ya picha, Sh 18 za prosesa, Sh 14 za memori, Sh 12 za ubao mama, Sh 12 za diski, Sh 8 za pawa saplai na Sh 4 za kasha na feni. Kama riziki yako kubwa ni video, punguza Sh 8 kwenye kadi na uzigawe sawa kati ya memori na diski. Skrini na kifaa cha kutunza umeme vina fungu lao pembeni.

Prosesa na ubao mama vinunuliwe pamoja, maana lazima vioane. Mfano ni Ryzen 5 5600 ya AMD, yenye viini 6, inayokaa kwenye soketi ya AM4. Soketi hiyo hutumia memori za DDR4. AM5, iliyoingia sokoni mwaka 2022, inatumia DDR5 pekee, hivyo mwenye memori za zamani hawezi kuzihamishia huko. Kwa upande wa Intel, mbao mama za kizazi cha 12 ziko za DDR4 na ziko za DDR5, na memori ya aina moja haiingii kwenye ubao wa aina nyingine. Soma maandishi ya kwenye boksi kabla ya kulipa.

Mhariri wa video aangalie pia kamera anayotumia. Kamera nyingi za kisasa hurekodi picha za H.265 kwa mfumo wa 4:2:2 wa biti 10, ambao ni mzito kufungua. Prosesa za Intel za kizazi cha 12 na kuendelea, zenye sehemu ya picha ndani yake, huufungua bila taabu. Zile zenye herufi F mwisho wa jina hazina sehemu hiyo. Kadi za Nvidia zilianza kuufungua mfumo huo kwenye mfululizo wa RTX 50 wa mwaka 2025. Mtu anayeokoa fedha kidogo kwa kuchukua prosesa yenye F, akaiunga na kadi ya zamani, anaweza kujikuta picha zinakwama huku mteja amekaa pembeni yake.

Kadi za mtumba

Wapo wanaoponea kwenye mtumba, na si vibaya. Lakini historia ya bidhaa hii ijulikane. Mwaka 2021 kadi ziliadimika duniani, sababu mojawapo ikiwa ni wachimbaji wa sarafu za kidijitali waliozinunua kwa wingi. Septemba 2022 sarafu ya Ethereum iliacha utaratibu uliohitaji kadi hizo, na nyingi zikamwagwa kwenye soko la mtumba zikiwa zimefanya kazi usiku na mchana kwa miezi. Usinunue kadi ambayo hujaiona ikicheza gemu zito kwa nusu saa mbele yako. Sikiliza feni na uangalie kama picha inatoa madoa.

Prosesa za mtumba za Intel za kizazi cha 13 na 14 nazo zina jambo lake. Mwaka 2024 kampuni hiyo ilikiri kuwa baadhi yake ziliharibika kwa kupata volti nyingi kupita kiasi, ikatoa marekebisho ya programu na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Muulize muuzaji kama marekebisho hayo yamewekwa. Chipu iliyokwisha athirika hayaiponyi.

Memori na diski

Kwa gemu, memori ya GB 16 inakidhi nyingi. Kwa video za 4K, weka GB 32. Nunua vipande viwili vinavyolingana badala ya kimoja, kwa kuwa viwili hufanya kazi sambamba. Mwishoni mwa mwaka 2025 bei za memori zilipanda kwa kasi duniani, kwa sababu viwanda vilielekeza uzalishaji kwenye mitambo ya akili bandia. Kwa hiyo nukuu ya bei ya mwezi uliopita isitumike kupangia mtaji wa leo.

Diski ni hesabu ya darasa la saba. Kamera inayorekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde hujaza GB 45 kwa saa. Kamera mbili, saa sita za sherehe, ni GB 540. Diski ya GB 1,000 inabeba harusi moja, ya pili haienei. Weka diski ya kasi ya NVMe kwa kazi iliyopo mezani, na diski ya kawaida yenye nafasi kubwa kwa kuhifadhi. Nakala ya pili iwe kwenye diski ya nje, kwani harusi hairudiwi.

Pawa saplai

Hapa ndipo pa kutobania. Prosesa ya wati 65, kadi ya RTX 3060 ya wati 170, na vipuri vingine wati 75, jumla ni wati 310. Nvidia yenyewe ilipendekeza pawa saplai ya wati 550 kwa kadi hiyo, kwa kuwa matumizi hupanda ghafla. Jihadhari na pawa saplai nyepesi mkononi inayodai wati nyingi kwa bei ya chini. Ikiungua, huenda ikaondoka na ubao mama na kadi. Kwa umeme wetu wa kukatika na kurudi kwa kishindo, kifaa cha kutunza umeme ni sehemu ya mashine.

Mwisho, pima kama mashine itajilipa. Tuseme, kwa mfano tu, imegharimu Sh 3,600,000 na utaitumia miaka mitatu. Hiyo ni Sh 100,000 kwa mwezi. Ukihariri harusi nne kwa mwezi, kila harusi ina deni la Sh 25,000 kwa mashine kabla ya umeme, pango na mshahara. Kama bei unayomtoza mteja haibebi gharama hizo, punguza ukubwa wa mashine au pandisha bei.

Dai stakabadhi yenye namba ya kila kipuri na muda wa dhamana, kisha uihifadhi. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.