Asidi Steariki: Ogopa Sufuria Kuliko Mfuko

Anayetengeneza mishumaa, sabuni au krimu ya ngozi anaujua vizuri mfuko wa kilo 25 wa asidi steariki. Ndani mna vipande vyeupe, vyembamba, vyenye utelezi kidogo vidoleni na harufu hafifu ya mshumaa uliozimwa. Mteja mgeni akiona neno asidi huuliza kama itamchoma, na muuzaji humwambia hapana. Jibu hilo ni sahihi. Kasoro yake ni kwamba mteja hurudi nyumbani ametulia kupita kiasi: haoni haja ya miwani ya kinga, na sufuria anaibandika moja kwa moja kwenye moto mkali. Wanaoumia katika kazi hii kwa kawaida huumizwa na joto, au na kemikali nyingine iliyo rafu moja na steariki.

Tuanze na sababu ya kutochoma, maana ndiyo itakayokusaidia siku utakapouziwa asidi ya mafuta ya jina jingine. Asidi za jamii hii zote zina kichwa kimoja: kaboni moja iliyoshika oksijeni mbili na haidrojeni. Kichwa hicho ndicho chenye uasidi. Kinachozitofautisha ni urefu wa mnyororo wa kaboni unaofuata nyuma yake. Yenye kaboni moja tu ni asidi fomiki, ambayo wale chungu wekundu wa mwembeni, majimoto, humrushia anayetikisa tawi lao. Yenye mbili ni asetiki. Siki ya mezani ina kama asilimia 5 yake, lakini ikiwa kali inababua ngozi. Ukifika kaboni 8, asidi kapriliki, bado ngozi inaungua. Kaboni 12 ni lauriki. Hii haibabui ngozi kwa namna hiyo, lakini ikiwa safi, unga wake ukiingia jichoni unaweza kuleta madhara makubwa. Steariki ina kaboni 18, na hapo ukali umekwisha.

Uasidi wa kichwa unahitaji maji ili ufanye kazi, na mnyororo mrefu huyakataa maji. Steariki haiyeyuki majini kwa kiasi cha maana. Juu ya hayo, ikiwa safi huyeyuka kwenye nyuzi 69 za Selsiasi, na mwili wako uko kwenye 37. Kwa hiyo inabaki yabisi juu ya ngozi mpaka uipanguse. Tunaila pia. Imo kwenye mafuta ya ng'ombe, ni karibu theluthi moja ya asidi za mafuta zilizomo kwenye siagi ya kakao, na chumvi yake ya magnesiamu hutiwa kwenye vidonge vingi vya dawa ili visigande kwenye mashine.

Hapa niingize neno kuhusu nazi, maana najua kuna atakayeshtuka. Karibu nusu ya asidi za mafuta ya nazi ni lauriki ile ile niliyosema inadhuru jicho. Ndani ya mafuta, hata hivyo, vichwa vitatu vitatu vimefungwa kwenye gliserini, na kichwa kilichofungwa hakina uasidi. Tui halina kosa. Lauriki iliyotenganishwa kiwandani na kuuzwa kama kemikali ni kitu kingine, na anayedhani ni mafuta ya nazi yaliyokaushwa anahatarisha macho yake. Ndiyo maana nashauri usome namba kabla ya jina. Kila kemikali ina namba yake ya utambulisho, CAS: steariki ni 57-11-4, lauriki ni 143-07-7, kapriliki ni 124-07-2. Muuzaji anayeijua kazi yake atakupa pia karatasi ya taarifa za usalama yenye vipengele 16. Cha 2 kinataja hatari, cha 4 huduma ya kwanza, cha 5 namna ya kuzima moto, na cha 9 kinakupa kiwango cha kuyeyuka na cha kuwaka. Muuzaji asiyekuwa nayo, mwache.

Kipengele cha 9 kitakuonyesha jambo jingine. Steariki ya biashara kwa kawaida ni mchanganyiko. Sehemu kubwa, mara nyingi kama nusu, ni asidi palmitiki yenye kaboni 16. Mchanganyiko huo huyeyuka mapema zaidi, karibu nyuzi 55. Mifuko iliyopangwa juani au ndani ya kontena mchana wa Februari hugandamana ikawa mabonge. Mali haijaharibika, ila hapo ndipo mtu huchukua nyundo, na nyundo huleta vumbi.

Vumbi la steariki huwasha pua na kukohoza, na barakoa hutosha kwa hilo. La kuogopa zaidi ni kwamba vumbi laini la kitu chochote kinachoungua, likitawanyika hewani ndani ya chumba kilichofungwa na kukutana na cheche, hulipuka. Sukari tu ilifanya hivyo katika kiwanda cha Imperial Sugar huko Port Wentworth, jimbo la Georgia, Marekani, Februari 2008, ikaua watu 14. Vipande vikubwa haviko karibu na hatari hiyo. Unga uliosagwa uko. Kwa karakana ndogo ushauri wangu ni kununua vipande au punje na kuachana na unga. Bonge livunjwe likiwa ndani ya mfuko wake, na mfuko usimiminwe karibu na jiko linalowaka.

Sasa sufuria. Steariki iliyoyeyuka inafanana na maji, na huo ndio ubaya wake: haitoi mapovu wala mvuke wa kukuonya ilivyo moto. Inaweza kufika nyuzi 150 imetulia tuli. Ikikaribia 200 hutoa mvuke unaoweza kushika moto ukikutana na ndimi za jiko, na ikifika karibu 400 hujiwakia yenyewe bila kuguswa na moto. Mkaa uliokolea hufikisha kitako cha sufuria huko bila taabu. Dawa yake ni sufuria mbili: ya chini ina maji, ya juu ina steariki. Maji yakichemka kwenye 100, ya juu haiwezi kupita hapo, na 100 inakutosha mno. Kwa krimu, 75 ndiyo kazi yenyewe, na maji ya kuchanganyia nayo yawe kwenye 75 vilevile. Ukiyamimina ya baridi, steariki itaganda ghafla na krimu itajaa chenga ambazo hakuna mwiko utakaoziondoa. Nunua kipimajoto. Kukisia kwa kidole ndiyo njia ya uhakika ya kuunguza kidole.

Ikishika moto, usitie maji. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke huchukua nafasi ya lita kama 1,700, na mlipuko huo huitapanya steariki inayowaka hadi darini. Zima gesi, telezesha mfuniko kutoka ubavuni, uondoke. Ukiunguzwa na steariki ya moto, weka mahali hapo chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Gamba lililoganda juu ya ngozi usilibandue, maana litatoka na ngozi. Hiyo ni kazi ya muuguzi.

Yule wa rafu moja niliyemtaja ni kostiki soda. Huyu anachoma kweli, na jicho lililoingiwa na kostiki huweza kupofuka. Watengenezaji wengi wamezoea kuipikia mafuta ya mawese au ya nazi, ambayo hugeuka sabuni polepole. Steariki haina polepole. Kichwa chake kiko wazi, kwa hiyo hushikana na kostiki papo hapo, joto hupanda na mchanganyiko huganda au kufurika kabla hujageuka. Mimina kostiki kidogo kidogo huku ukikoroga, chombo kikiwa kimejaa nusu tu. Ukitumia magadi badala ya kostiki, tegemea povu jingi la kaboni dayoksaidi.

Kipimo nacho si cha kubahatisha. Kwenye karatasi ya ubora tafuta thamani ya asidi, mara nyingi ni karibu 207. Igawe kwa 1.4 na utapata gramu za kostiki zinazotosha kilo moja: hapa ni kama 148. Ukizidisha, ziada inabaki ndani ya kipande cha sabuni, na mnunuzi ndiye atakayewashwa.

Sufuria za aluminiamu zilizojaa majikoni mwetu hazifai kabisa hapa. Kostiki huila aluminiamu na kutoa gesi ya haidrojeni, na haidrojeni karibu na jiko haihitaji maelezo. Shaba na chuma cha kawaida navyo huguswa na steariki ya moto na kuitia rangi. Chuma cha pua ndicho chombo chake. Stoo pia ina miiko yake: unga wa klorini wa kusafishia maji au bwawa la kuogelea usikae karibu na steariki wala mafuta yoyote, kwa sababu vikichanganyika vinaweza kuwaka bila kiberiti.

Kuna swali ambalo wateja wa pwani huuliza na maduka mengi hulikwepa: imetokana na nini? Steariki ya mawese na ya mafuta ya mnyama ni molekuli moja, na hakuna kipimo rahisi cha jikoni kitakachozitofautisha. Anayejali halali adai maandishi ya mtengenezaji yanayotaja chanzo. Kauli ya mdomo ya dukani haina uzito.

Mabaki ya moto usiyamwage kwenye sinki. Yataganda kwenye kona ya kwanza ya bomba, na kama eneo lako lina maji magumu ya kisima, sabuni itakayofuata itakutana na kalisiamu na kuacha utando mweupe usioyeyuka juu ya gamba hilo. Yaache yapoe, yakwangue, yatie kwenye kopo lenye mfuniko. Mnyororo wa steariki hauna kiungo maradufu ambacho oksijeni ingekishambulia, kwa hiyo haichachi upesi kama mafuta ya alizeti. Yaliyobaki mwaka jana yanafaa kwa mishumaa ya mwaka huu.